Shangazi Kahindo, Hukuficha Kitu

Mpendwa Shangazi,

Nina habari ambayo ilikuwa yako kabla haijawa yangu. Imechelewa. Ulishatutoka, na kila tukija kaburini, mdogo wangu Katungu na mimi, tunakuta majani yamekwisha kuota tena. Lakini hakuna mtu mwingine katika ukoo huu anayestahili kuisikia kuliko wewe. Kwa hiyo nimekaa mezani hapa Saio, mtaani kwetu Bunia, mchana, bwana yangu Emma akiwa njiani na gari lake kuelekea Mahagi, nami nakuandikia kama vile ungali jikoni, unachambua maharage na kuniambia niache kuzunguka, niseme neno lenyewe.

Nianze na joto.

Nilikuwa bado shule ya msingi ulipokuja kukaa kwetu. Mama alikuwa amekufa, na Papa, kaka yako, hakujua hata kutusuka nywele. Ulishuka kwenye lori lililotoka Butembo, na mzigo mmoja uliofungwa kwa kikwembe. Watu wa mtaa walisema umekuja kulea watoto wa kaka yako. Ilikuwa kweli, ila haikuwa kweli yote. Bwana yako alikuwa amekurudisha. Mliishi pamoja miaka bila mtoto, na mwezi wako ulikatika katika umri ambao wenzako walikuwa wakibeba mimba ya tatu na ya nne. Hayo niliyajua baadaye sana. Wakati ule nilijua tu kwamba kuna mtu mpya ndani ya nyumba, na kwamba mtu huyo alikuwa na joto.

Asubuhi za mvua, Saio nzima imevaa majaketi, wewe ulikuwa unafungua mlango wa nyuma na kusimama kwenye baridi, kitambaa cha kichwa mkononi, shingo imelowa. Nilikuwa nachukua kifuniko cha sufuria na kukupepea kwa nguvu zangu zote.

"Juu ya nini unanipepea hivi, weye mutoto? Miye si makala ya jiko."

Tulicheka mpaka Katungu akaamka na kuja kuuliza tunacheka nini. Halafu ulikuwa unakaa kidogo, kimya, mpaka joto lipite. "Imeenda," ulikuwa unasema, na kurudi kwenye moto wako wa kupika. Kwangu mimi mtoto, lilikuwa jambo la kawaida tu la nyumbani. Shangazi za wengine waliimba kwaya. Yangu alipata joto.

Wakubwa hawakuliona hivyo. Kule Mudzipela, ulikokuwa unauza chai na mikate, wanawake wengine walihama na vikombe vyao ukianza kutoka jasho. Wajomba wa Papa walisema mwanamke anayekauka mapema namna ile ameuza watoto wake kwa uchawi kabla ya kuwazaa. Walisema mara ya kwanza, Papa akawafukuza. Walisema tena. Mimi nadhani alichoka. Siku moja akakuchukua akakupeleka kwenye nyumba ya maombi, nyuma ya soko, na mkakaa huko mkifunga na kuomba, sisi wawili tukilala kwa jirani.

Mliporudi, ulikuwa unatembea mbele, peke yako. Papa alikuwa nyuma, mbali, ameshika kofia. Ulikaa kwenye kiti kifupi cha jikoni ukavua kitambaa, na nywele zako zote hazikuwapo. Katungu alianza kulia.

"Masika," uliniambia, "miye sikuficha kitu. Banataka niseme jina ya mutoto nilimuuza. Nitasema jina ya nani?"

Kisha ukatuuliza kama tumekula.

Sikukusikia tena ukilitaja jambo lile. Kesho yake ulirudi Mudzipela na thermos zako. Ukatusomesha kwa chai ile. Ukanifundisha kutwanga majani ya sombe bila kurusha nusu yake ukutani, ukanifundisha kumjibu mtu mkubwa bila kumtukana na bila kumwogopa. Na siku matokeo ya mtihani wa serikali yalipotoka, jina langu likawamo, ulinijia mbio barabarani, mtu mzima wewe, ukanimwagia poda kichwani mpaka nikawa mweupe kama ukuta wa kanisa, ukapanda nyuma ya moto, pikipiki ya kukodi, pamoja nami, tukazunguka mitaa ya Lumumba na Saio ukipiga vigelegele. Motari alikataa kupokea nauli. "Mama, mutoto yako amefaulu," alisema, "leo ni ya bure." Wewe hukumsahihisha. Hukusema ni mtoto wa kaka yangu. Ulisema, "Aksanti, papa."

Halafu mifupa. Kwanza mkono, uliovunjika kwa kunyanyua ndoo ya maji tu. Ndoo, Shangazi. Tulisema ni bahati mbaya. Baadaye, msimu wa mvua, uliteleza kwenye matope ya soko, mahali ambapo vikongwe waliteleza kila siku na kuinuka wakijicheka, na wewe hukuinuka. Nyonga ilikuwa imevunjika. Ulilala kitandani miezi, kifua kikajaa, ukaondoka. Hukuwa mzee. Siku ya mazishi mtu mmoja alisema nyuma yangu kwamba sasa ile kitu aliyoiuzia watoto imemla mwenyewe. Sikugeuka. Niliogopa kuona ni nani.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo habari inapoanza.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nimeolewa na Emma, nafundisha darasa la nne. Mwezi wangu ulianza kuruka. Unakuja, unapotea, unarudi kidogo, unapotea kabisa. Tulidhani ni mimba; tulifurahi, tukapima, haikuwa mimba. Halafu siku moja niko mbele ya ubao, nimeandika nusu ya sentensi, nikasikia moto unapanda kutoka kifuani mpaka masikioni. Chaki iliteleza mkononi kwa jasho. Nje mvua ilikuwa inanyesha, watoto walikuwa wamejikunja kwa baridi. Nilisimama pale nikiwapa mgongo, nikakuona wewe mlangoni na kitambaa chako mkononi. Nilijua hapohapo, Shangazi. Sikujua jina la jambo, lakini nilijua ni lako.

Sikumwambia mtu. Mama yake Emma alikuwa ameshaanza kuulizauliza, kwa upole, na upole wake ulinitisha kuliko kelele. Emma ndiye aliyenikamata nimekaa nyuma ya nyumba, miguu ndani ya beseni la maji.

"Weye unasikiaka hii joto tangu lini?"

"Ni malaria."

"Malaria gani inakuya na kuenda mara kumi kwa siku? Tuende kwa dokta. Mambo ya kukisia-kisia tuache."

Daktari tuliyemwona ni wa magonjwa ya wanawake, mama mwenye sauti ya chini, aliyerudi mjini baada ya masomo marefu. Alinipima damu, akanipima tena baada ya wiki kadhaa, akaangalia tumbo kwa mashine. Akasema vifuko vyangu vya mayai vinasimama kufanya kazi, mapema sana kuliko desturi. Kisha akaweka kalamu chini, akaanza kuuliza juu ya watu.

"Mama, kuna mwanamke mwengine mu familia alikatikaka mwezi mapema?"

"Shangazi yangu."

"Dada ya mama ao dada ya baba?"

"Ya baba. Wa damu kabisa, tumbo moja."

Aliinama kidogo. "Na baba yako iko namna gani? Anatembea muzuri? Mikono haitetemeke?"

Nilimwangalia Emma, Emma akaniangalia. Hukuyaona haya, Shangazi. Miaka hii baada yako, Papa ameanza kutetemeka. Unakumbuka alivyokuwa akipitisha uzi kwenye sindano huku anaongea na mteja, bila kuangalia? Ameacha cherehani. Akishika kikombe chai inamwagika. Akitembea anatanua miguu kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Mjini walisema anakunywa kwa siri, Papa, ambaye hata pombe ya mandule hajawahi kuionja, akaacha kwenda kanisani ili wasimwone akishika kitabu cha nyimbo.

"Inatetemeka," nilisema.

Daktari akaomba damu yangu na damu ya Papa. Hapa kwetu hakuna maabara ya kupima kitu kile. Ilipaswa kuvuka mpaka na kwenda mbali zaidi. Tulingoja sana. Mara njia haipitiki, mara majibu hayajafika. Papa alikubali kutoa damu kwa sababu ya mikono yake tu. Sikumwambia zaidi, kwa kuwa sikuwa na zaidi ya kumwambia.

Majibu yalipofika, daktari alitukalisha Emma na mimi, akaeleza polepole, na mimi nakueleza wewe vilevile. Ndani ya mwili kuna maagizo tunayopewa na wazazi wetu; waliosoma wanayaita jeni. Katika agizo moja, kipande kidogo hujirudia. Kwa watu wote hujirudia, lakini kwetu sisi kinajirudia mara nyingi mno. Mwanamke aliye nacho namna hiyo, pengine vifuko vyake vya mayai huchoka mapema. Si kila mmoja; wengi huzaa vizuri na hawajui kamwe kwamba wamekibeba, kama Nyanya aliyewazaa ninyi. Mwanaume aliye nacho, pengine akizeeka mikono hutetemeka na miguu hukosa usawa. Na baba mwenye nacho huwapa mabinti zake wote. Wavulana wake hawapi.

"Njo kusema si laana," Emma alisema.

"Si laana, si dawa ya muchawi, si zambi," daktari alijibu. "Ni kama vile mutu anariti, anazaliwa na pua ya nyanya yake."

Nilimuuliza juu yako. Hakunidanganya. Alisema mtu aliyekwisha kufa hawezi kumpima, basi hawezi kuapa. Lakini mwezi kukatika mapema, joto, mifupa iliyovunjika kwa ndoo ya maji, na kaka wa tumbo moja mwenye kile kipande: kama ungekuwa hai, alisema, angekupima wewe kwanza kabla ya sisi wote. Na mifupa ile, inayodhoofika mwezi ukikatika mapema, ingetunzwa. Vidonge vipo. Ninavimeza mimi sasa, kila siku, na joto limepungua. Ninavimeza, na hasira inanipanda kwamba hukuvipata.

Nilidhani nikipata jibu nitatulia. Sikutulia. Jibu lilikuwa pia mlango uliofungwa. Daktari alisema mara mojamoja mwili hushtuka ukatoa yai, haijafika sifuri, lakini nisijenge nyumba juu ya hilo. Katika gari sikulia, nilikuwa naangalia tu watu wa barabarani. Emma aliendesha mpaka mtaa wa Lumumba. Alisimamisha gari, akanunua hindi la kuchoma, akalivunja katikati, akanipa upande mkubwa.

"Kesho nitaambia mama yangu," alisema. "Miye mwenyewe. Weye hutasema kitu."

Na alikwenda. Sijui walisema nini. Mama yake alikuja baada ya siku kadhaa na kapu la viazi, akaosha vyombo vyangu vyote bila kuombwa, akarudi kwake. Hajaniuliza tena.

Papa nilimwambia Jumapili, sebuleni. Alikwisha kujua juu ya mikono, na alikuwa amefurahi, usicheke, alifurahi kupata ugonjwa wenye jina, ili watu waache kumwita mlevi. Nikamwambia kwamba kitu hichohicho ndicho kimenizuia kuzaa. Alifunga macho. Kisha nikamwambia kilikotoka: kwa Nyanya, aliyewagawia ninyi wawili.

Alifungua macho, akaangalia vidole vyake.

"Njo kusema miye na Kahindo tulikuwa na bugonjwa moja."

"Dokta anaona vile, Papa."

"Yeye mu tumbo, miye mu mikono."

"Njo vile."

"Na miye njo nilimupeleka kule. Nilisimama pale banamunyoa. Aliniangalia, Masika. Aliniangalia miye, si ule muchungaji."

Alitoka nje akasimama karibu na pipa la maji, amenipa mgongo. Sikumfuata. Kaka yako hajawahi kulia mbele ya mtoto wake, na sikutaka nimlazimishe kuanza.

Aliyebaki ni Katungu. Kitindamimba wako ana miaka ishirini na sita, anamaliza masomo yake, na ana mchumba anayeitwa Kasereka. Naye ni binti wa Papa, kwa hiyo kipande kile anacho pia, hilo halina shaka. Nilipomwambia alinikasirikia mimi.

"Yaya, weye dada yangu, juu ya nini umeniambia? Nilikuwa nalala muzuri."

Hakunisemesha wiki nyingi. Halafu akaenda kwa daktari peke yake. Akaambiwa vifuko vyake bado vinafanya kazi, na kwamba hakuna anayeweza kumwambia mpaka lini. Akaambiwa pia kwamba akizaa mtoto wa kiume, pengine mtoto huyo anaweza kuchelewa kusema na kusoma. Alirudi kwangu uso umekomaa. Alimweleza Kasereka yote, na Kasereka akaomba muda wa kufikiri. Katungu aliungoja muda ule bila kula vizuri. Siku kijana aliporudi, alisema anataka kuoa sasa, wasingoje diploma, na lolote litakalokuja walione wawili.

Basi watu wa Kasereka walikuja nyumbani kwa Papa kuongea mahari. Viti vya kukodi, wazee wamevaa makoti, sisi wanawake jikoni na kuku wetu, masikio yote upande wa sebule. Msemaji wetu alipotaka kuanza, Papa akaomba neno. Wajomba walishtuka. Mmoja alimshika koti, akamnong'oneza kwamba atamharibia mtoto ndoa. Papa akasimama hata hivyo, amejishikiza kwenye kiti.

"Mbele ya kuongea mbuzi za mahari, iko neno. Nilikuwa na dada, Kahindo. Bwana yake alimurudisha juu ya vile hakuzala. Siye tukasema iko na kitu. Miye kaka yake nilimupeleka kwa maombi, bakamunyoa, bakamupatisha haya, na hakukuwa kitu. Ilikuwa bugonjwa ya damu yetu. Miye niko nayo, muone." Akainua mikono yake yote miwili mbele ya wageni, ikitetemeka, na hakuificha. "Mutoto huyu pia anaweza kupatwa nayo. Siku moja msimurudishe usiku na kusema hamukujua. Mukitaka kurudi na mbuzi zenu, murudi leo, tutakula pamoja na mutaenda na amani. Lakini jina ya dada yangu mutu asiiseme tena vibaya mu hii nyumba."

Katungu alikuwa amenishika mkono mpaka kucha zikaingia. Wageni wakaomba kutoka nje washauriane. Tuliwaona dirishani, karibu na uzio, wakiinamiana vichwa, Kasereka katikati yao akiongea kwa mikono. Waliporudi, msemaji wao akasema, "Tumesikia. Kijana alishatuambia, tulitaka kuona kama na nyinyi mutasema." Wakaketi, wakaanza kubishana juu ya mbuzi kama watu wote.

Nilikuwa napakua sombe wakati mwanamke mmoja wa upande wao alipoingia jikoni. Ni shangazi wa Kasereka, dada ya baba yake, mtu wa Butembo. Alishika sahani kama anataka kusaidia, akangoja wengine watoke.

"Ile dokta," aliniuliza kwa sauti ndogo, "iko hapa Bunia?"

"Iko hapa."

"Binti yangu, banamurudisha mwaka huu. Hana hata miaka makumi tatu. Mwezi ilikatika. Anajimwangia maji hata asubuhi ya baridi."

Nikaweka kijiko chini. "Iko wapi sasa?"

"Iko inje, mu gari. Tulikuya naye. Alikataa kuingia mu ndoa ya mwenzake, anasema ataleta bahati mubaya."

Nilifuta mikono nikatoka kwa mlango wa nyuma. Gari lilikuwa limeegeshwa kwenye jua, vioo vimefungwa, na ndani yake msichana mwembamba alikuwa amekaa kiti cha nyuma, kikwembe kimefunika kichwa, jasho linamtiririka. Hakuniangalia. Nilifungua mlango. Nikainama mpaka usawa wake, Shangazi. Nikasema lililokuja.

"Ingia, dada. Hapa ni kwa Kahindo."

Aliuliza Kahindo ni nani. Nikamshika mkono, na tukielekea jikoni nikaanza kumwambia.

Nimempeleka kwa daktari. Yeye damu yake imeonyesha kitu kingine, si chetu, na daktari amesema wanawake wengi hawapati sababu kabisa. Lakini anameza vidonge, na mama yake ameacha kumtafutia wachungaji. Katungu ameolewa. Papa amerudi kanisani, Emma anamshikia kitabu cha nyimbo. Mimi sina mtoto. Kuna siku neno hilo ni zito mpaka nashindwa kuliinua, na kuna siku nalibeba na kwenda nalo darasani.

Pumzika sasa, Shangazi. Jina lako liko mahali pake.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, yule ambaye hukumsahihisha motari juu yake,

Binti yako Masika